Jasho la Namba Kumi na Saba

Mlinzi alimwacha apite kwa sababu alimfahamu. Huyu ndiye fundi chuma aliyelichomelea geti la kituo lilipong'oka bawaba, na tangu siku hiyo kila akipita nje husimama kusalimia. Kwa hiyo Jumatatu ile, saa tatu asubuhi, alipoingia na miwani yake ya kazi imekaa juu ya paji la uso, mlinzi alidhani ameitwa kutengeneza kitu.

Hakuna aliyemwita. Alipita ukumbini, akapita chumba cha kupimia, akaingia chumba cha friza. Humo mtaalamu wa maabara alikuwa peke yake, ameinama, anahesabu vifuko.

"Nataka jasho la mke wangu," akasema.

Mtaalamu huyo wenzake walimwita Pua, maana kazi yake ilikuwa harufu, na jina lilikuwa limemganda kiasi kwamba hata mkuu wa kituo alimwita hivyo mbele ya wageni. Aliinuka polepole, kifuko kimoja bado mkononi.

"Shemeji, karibu. Kuna nini?"

"Usinikaribishe. Nataka jasho lake lote mlilochukua. Limo humo?" Akaonyesha friza kwa kidole cheusi.

Lilikuwamo. Vifuko sitini na kimoja, na ndani ya kila kimoja kipande cha soksi ya nailoni ambacho mke wake alikivaa mkononi, kuanzia kiwikoni hadi kwenye kiganja, tangu asubuhi mpaka saa saba mchana. Juu ya vifuko hapakuwa na jina. Palikuwa na tarehe na namba: kumi na saba.

"Mtoto wa jirani yetu amelazwa siku ya nne leo," fundi chuma akaendelea. "Homa, ile ya mbu wa mchana. Na mtaa mzima unasema mke wangu ndiye aliyewaita hao mbu. Kwamba mlimpima hapa, mkafungulia mbu thelathini, na wote thelathini wakamkimbilia yeye. Mimi mumewe hiyo thelathini nilikuwa siijui. Nimeisikia kwa muuza mkaa! Nani alimwambia muuza mkaa?"

Pua alihisi masikio yanapata moto. Habari ya wale thelathini waliijua watu wachache sana.

"Sijui," akasema.

Fundi chuma akazunguka nyuma ya friza na kuushika waya mahali unapoingia ukutani.

"Ukichomoa huo, shemeji, hutamwaga la mkeo peke yake. Humo kuna watu arobaini na wanne."

"Hao wengine wametukanwa?"

Pua alisikia friza ikinguruma, na kwa mara ya kwanza mlio ule ukamtisha, kwa jinsi ungeweza kukatika wakati wowote.

"Fomu aliyoisaini inasema anaweza kujitoa siku yoyote," akasema, "na akijitoa, kila kitu chake kinachomwa moto mbele yake. Lakini aseme yeye. Si wewe, si mimi. Aje aseme mwenyewe."

"Atakujaje? Tangu juzi hajatoka nje hata kuchota maji." Aliuachia waya. "Sawa. Natafuta pikapu. Saa kumi narudi hapa, naye akiwemo au asiwemo, na nikikosa hizo soksi naondoka na friza nzima."

Alitoka kwa hatua nzito, na mlinzi akamuaga kwa uchangamfu, hajui lolote.

*

Namba Kumi na Saba alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mcheshi. Kituo kilikuwa kinatafuta sababu ya mbu kumfuata mtu huyu na kumwacha yule, hali wote wawili wamekaa benchi moja. Alikuja na wenzake waliojitolea, akaambiwa masharti: siku mbili bila sabuni ya kunukia, bila manukato, bila vitunguu. Alicheka akasema hivyo vitunguu ndivyo vitakavyomtenganisha na mumewe.

Pua aliiweka soksi yake mwisho wa bomba moja, soksi safi mwisho wa bomba la pili, akafungulia mbu majike thelathini. Hao walikuwa mbu waliokuzwa humo humo jengoni, hawajawahi kuonja damu ya mtu yeyote. Kwa watu wengi, baada ya dakika kumi ungekuta kumi na tano huku, kumi na tano kule, au kumi na nane ukibahatika. Kwa fundi cherehani walikuwa ishirini na sita. Wiki iliyofuata ishirini na nane. Kuna Jumanne moja walikwenda wote, wakaifunika ile soksi pakawa peusi, mpaka Pua akamwita mfanya usafi aje awe shahidi.

Tangu hapo yeye ndiye akawa kipimo. Wengine wote walilinganishwa naye. Mashine ilikuwa inaichambua harufu yake kitu kimoja kimoja, ili Daktari, mkuu wa kituo, aichanganye upya na kuiweka kwenye mitego ya barabarani, mbu wakimbilie huko waache nyumba za watu. Kumi na Saba alilifurahia jambo hilo. "Kumbe na mimi nina kitu," alimwambia Pua siku moja akivua soksi. Aliitikia hiyo namba kama jina. Damu yake ilipimwa kila mwezi na kila mwezi ilitoka safi.

Na Pua alimpenda. Labda ndiyo sababu alimsimulia wifi yake.

Ilikuwa Jumamosi, wiki tatu nyuma. Wifi, mke wa kaka yake, alikuwa msusi, na Pua alikuwa amekaa kwenye kigoda chini yake, kichwa kinavutwa huku na huku. Kusukwa kunalegeza ulimi. Walikuwa wamecheka juu ya mengi, na Pua akataka naye awe na la kuchekesha. Akasema kuna mama mmoja kazini kwetu, fundi cherehani, ana kidole gumba kimepinda kama ndoano, tunatuma gari kumchukua kila Jumanne. Huyo mama, wifi, mbu wanamtaka kuliko sisimizi wanavyotaka sukari! Nilifungulia thelathini, wakaenda thelathini!

Wifi alicheka mpaka kitana kikamtoka mkononi.

*

Sasa alipompata Daktari kwa simu, saa saba mchana, maana alikuwa mkutanoni mji mwingine, Daktari alisema maneno matatu tu yaliyombakia kichwani. Usitoe kitu. Mbembeleze huyo mama. Bila yeye tumekwisha. Kisha akauliza, "Lakini habari zilitokaje nje?"

"Bado sijajua," akasema Pua. Huo ulikuwa uongo wa pili tangu asubuhi, na ulitoka kirahisi kuliko wa kwanza.

Alivua koti la maabara, akaondoka kwa miguu.

Kibanda cha wifi kilitazamana na ua wenye vyumba sita ambamo fundi cherehani na mumewe walipanga. Pua alikuwa amelisahau jambo hilo siku ile ya kicheko, au hakutaka kulikumbuka.

"Wifi, toka nje kidogo."

"Nina kichwa cha mtu mkononi."

"Kiache."

Wifi aliona uso wake, akakiacha. Walisimama pembeni mwa kibanda, karibu na ukuta.

"Ulimwambia nani?"

"Nimwambie nani nini?"

"Wifi!"

Wifi alijifuta mafuta kwenye kanga. "Mmoja tu. Na nilimwambia kwa kucheka, kama ulivyoniambia wewe. Sikujua mtoto ataugua."

"Mimi sikutaja jina la mtu!"

"Hukutaja jina. Ulitaja cherehani, ukataja kidole gumba, ukataja gari la kila Jumanne. Ulibakiza nini, picha?" Machozi yalikuwa yakimlengalenga. "Usinitupie mimi peke yangu. Ule mzigo tuliubeba wawili."

Ng'ambo ya njia, mlango wa ua ulikuwa wazi, na watu walikuwa wengi humo kuliko kawaida ya saa ile ya kazi.

*

Ndani ya ua hakuna aliyemsalimia. Majirani walikuwa wamekaa vizingitini na kwenye ndoo zilizopinduliwa. Katikati, kwenye benchi, alikaa bibi yake mtoto mgonjwa, simu imelala kwenye kiganja kama kitu kinachoweza kuvunjika. Wote walikuwa wanangoja hiyo simu. Mtoto alikuwa msichana wa miaka sita, yule ambaye hushinda akiokota vipande vya vitambaa mlangoni kwa fundi cherehani na kuwashonea wanasesere wake.

Mlango wa fundi cherehani ulikuwa umefungwa. Mtu alikuwa ameupulizia dawa ya mbu, na hakupuliza kidogo, mpaka imechuruzika na kuacha michirizi tangu juu hadi chini. Kopo tupu lilikuwa limesimamishwa kizingitini, makusudi, ili lionekane.

"Wewe ni wa kule kwenye mbu," bibi alisema bila kumtazama.

"Ndiyo, bibi. Shikamoo."

Bibi hakuitikia. Pua aligonga mlango, akajitaja, akangoja muda ambao ulionekana mrefu mbele ya macho yale yote. Komeo likavutwa.

Chumba kilinuka dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Fundi cherehani alikuwa amekaa kando ya beseni, na Pua akaiona mikono yake. Kuanzia kwenye viwiko hadi vidoleni ngozi ilikuwa imechunika, nyekundu, sehemu nyingine inatoa majimaji. Brashi ya kusugulia sakafu ilikuwa ikielea ndani ya beseni.

"Haitoki," akasema. "Nimesugua tangu juzi. Wewe una pua, hebu ninuse. Imetoka?"

"Acha hiyo, dada. Acha, tafadhali." Pua alilisogeza beseni kwa mguu, akapiga magoti. "Harufu yenyewe haikai juu. Inatoka ndani, inakuja upya kila saa. Utaimaliza ngozi."

Kwenye meza ya cherehani palikuwa na vitambaa vitatu vimekunjwa, kila kimoja na kipande cha karatasi juu yake. Wenyewe walikuwa wametuma watu kusema watakuja kuvichukua bila kushonwa.

"Niambie wewe unayejua," fundi cherehani akasema. "Ni mimi niliyemuua yule mtoto?"

"Hajafa."

"Akifa."

Pua alikuwa na jibu la kumbembeleza, na alijua Daktari angetaka litumike. Aliliacha.

"Wewe huna ugonjwa huo. Damu yako tumeipima mara kumi na nne. Mbu akikuuma wewe haondoki na kitu cha kumpa mtoto. Aliyempa mtoto ni mbu aliyemuuma mgonjwa mwingine kwanza, mahali pengine. Hilo naliapia."

"Lakini wanakuja kwangu. Wakija kwangu wanakuja na kwenye ua."

"Wanakuja kwako zaidi, ndiyo. Kama wapo wanaokuja uani kwa ajili yako na wakamuuma mwingine njiani, au kama wanakuuma wewe badala ya kumuuma mtoto, hilo hakuna aliyelipima. Siwezi kukuapia upande wowote. Nikikuapia nitakuwa nakudanganya."

Fundi cherehani alilitafakari jibu hilo huku akipuliza mikono yake. Ni kama lilimtuliza kuliko ambavyo lile lingine lingemtuliza. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Nani alisema?"

Nje mtu alikohoa. Pua aliangalia sakafu, saruji ilipobadilika rangi kwa maji ya beseni, na akajua kwamba uongo wa tatu ungekuwa rahisi kuliko yote.

"Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mimi. Nilimsimulia wifi yangu, msusi wa hapo mbele. Nilikuwa nasukwa. Nilitaka kuchekesha. Na asubuhi mumeo aliponiuliza nikamwambia sijui, na Daktari nikamwambia sijui."

Ule ucheshi wote ambao Pua aliuzoea kila Jumanne ukawa haupo usoni, kama taa iliyozimwa.

"Nilivua nguo mbele yako," fundi cherehani akasema. "Ulinipima uzito, ulinitoa damu, ulininusa kwapa. Nikakuhesabu kama daktari wangu. Kumbe mimi ni kichekesho cha saluni."

"Dada..."

"Usiniite dada. Toka nje ukawaambie wale ulichoniambia mimi. Chote. Na hilo la kuchekesha pia."

*

Alisimama mbele ya mlango wenye michirizi, mikono haijui ikae wapi, akaanza. Alisema kuhusu damu iliyo safi. Alisema kuhusu mbu na mgonjwa wa kwanza. Alisema kwamba habari za watu wanaopimwa ni siri, na kwamba yeye ndiye aliyeivunja siri hiyo kwa ajili ya kicheko. Mwanamume mmoja akasonya. Mwingine akasema, "Sasa tumwamini mropokaji?" Wachache wakacheka, kicheko kibaya.

Simu ikaita.

Bibi aliiweka sikioni kwa mikono miwili. Alisikiliza, uso umekaza, kisha ukafunguka wote kwa mara moja. "Homa imeshuka!" akapaza sauti. "Mtoto amepoa! Wako njiani, wanarudi!"

Ua mzima ulilipuka. Mtu alipiga vigelegele. Mwanamume aliyesonya alimpiga Pua bega kwa furaha, kana kwamba yaliyosemwa yote yamefutika. Na yangeweza kufutika. Pua aliliona hilo waziwazi: mtoto amepona, hasira itapoa, fundi chuma atatulia, friza itabaki mahali pake. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu.

Lakini siku ya nne. Homa imeshuka siku ya nne.

"Bibi," akasema, "nani amewaruhusu kutoka?"

"Vitanda vimejaa, na mtoto hana homa. Wakae kufanya nini? Mama yake ameomba kutoka."

"Mpigie. Mwambie arudi."

Hakuna aliyemsikia, au waliosikia hawakutaka. Alikuwa bado anarudia maneno hayo pikipiki ilipoingia uani, mama mtoto amekaa nyuma, msichana amefungwa kifuani mwake kwa kitenge. Walimzunguka wakipiga makofi. Msichana hakuinua kichwa.

Pua alipenya katikati ya watu, akaigusa miguu iliyoning'inia. Ilikuwa ya baridi na imelowa jasho.

"Amekojoa lini?"

Mama mtoto, ambaye hakuwa amelala siku nne, alimtazama kama mtu anayeulizwa hesabu. "Jana... jana jioni."

"Tumbo?"

"Linamuuma kidogo. Ametapika njiani, mara mbili. Ni njaa."

Pua aliufunua mdomo wa mtoto kwa kidole. Kwenye ufizi, juu ya meno ya mbele, palikuwa na uzi mwembamba wa damu.

"Usimguse!" Bibi alimvuta mkono. "Unatoka huko na mbu wako, unatoka na umbea wako, sasa unataka kumwagia mtoto mkosi!"

"Bibi, nitukane baadaye, nitakaa hapa unitukane mpaka uchoke. Homa hii inadanganya. Ikishuka ndipo maji ya damu yanapoanza kuvuja ndani ya mwili. Leo na kesho ndizo siku zenyewe. Anahitaji dripu sasa hivi."

"Kila mtu anajua homa ikishuka mtu amepona!"

"Si hii."

Watu walianza kusemezana. Mama mtoto alisimama katikati, anamtazama bibi, anamtazama Pua, mtoto anazidi kumlemea. Na hapo mlango wenye michirizi ukafunguka.

Watu walirudi nyuma. Walifanya hivyo wenyewe, hatua moja kila mmoja, ukabaki uwazi. Fundi cherehani alipita katika uwazi huo mikono yake mibichi ikiwa mbele, asijigonge nayo. Alisimama hatua tatu kutoka kwa mtoto na hakuthubutu kukaribia zaidi.

"Jirani," alimwambia mama mtoto, "huyu mtu ndiye aliyenianika mbele ya mtaa. Sina sababu hata moja ya kumtetea. Lakini leo amekuja chumbani kwangu na angeweza kunidanganya, hakuna ambaye angejua. Akasema ni mimi. Hapa mbele yenu amesema ni mimi, na kazi atafukuzwa. Mtu wa namna hiyo akikwambia mtoto hajapona, wewe unapungukiwa nini ukimrudisha?"

Honi ikapigwa nje. Fundi chuma alikuwa amepata pikapu saa moja kabla ya muda aliojiwekea, na alikuja kumchukua mke wake waende kituoni kubeba friza. Aliingia akiwa amejiandaa kwa ugomvi, akakuta ua umenyamaza.

"Geuza gari," mke wake akamwambia. "Hospitali. Ile kubwa."

"Na soksi?"

"Geuza gari, baba!"

Mama mtoto alikuwa ameshaanza kukimbia.

*

Pua alipanda nyuma ya pikapu pamoja na bibi, katikati ya vipande vya chuma vilivyokuwa vikirukaruka kila penye shimo. Kupitia kioo kidogo walikiona kisogo cha mama mtoto na mkono wa msichana ukining'inia begani kwake. Bibi hakuondoa macho kwenye mkono ule. Penye makutano magari yalikuwa yamesimama, fundi chuma akapandisha tairi mbili juu ya ukingo wa barabara na kupita huku akipiga honi bila kuiachia. Hapo mkono wa msichana ulitikisika kisha ukatulia, na bibi akamshika Pua paja kwa nguvu kiasi cha kumwumiza. Hakumwachia mpaka wakafika.

Muuguzi aliyewapokea alimbonyeza mtoto kidole, akangoja rangi irudi ukuchani, haikurudi haraka. Hakuuliza maswali. Alimtwaa mtoto mikononi akaondoka naye karibu kwa mbio, akiita mtu alete maji ya dripu.

Walikaa kwenye benchi la ukumbini. Baada ya muda daktari wa zamu, kijana mwenye macho mekundu, alitoka akasema presha ilikuwa karibu haisomeki, wameipandisha, lakini asiulizwe kitu kabla ya asubuhi. Asubuhi alisema asiulizwe kabla ya jioni. Siku ya tatu msichana alikojoa mara nyingi, akaomba uji, akalia kwa sababu sindano inamuuma, na wauguzi wakafurahia kilio kile.

Alipona. Aliporudi nyumbani, bibi yake alichukua ndoo na sabuni akauosha mlango wa fundi cherehani tangu juu mpaka chini. Hakugonga hodi. Wateja wawili kati ya watatu waliacha vitambaa vyao vishonwe. Wa tatu alituma mtu kukichukua chake.

Pua hakungoja Daktari arudi. Aliandika barua ya ukurasa mmoja akaeleza siku, mahali na maneno aliyoyasema, akaituma. Hakufukuzwa. Alitolewa kwenye kazi ya kukutana na watu, akapewa chumba cha nyuma cha kulea viluwiluwi, kubadilisha maji kwenye mabeseni na kuhesabu.

Fundi cherehani alikuja kituoni mwenyewe wiki mbili baadaye, kwa miguu, mikono imefungwa bandeji nyepesi. Daktari alimpokea, akamkalisha, akamweleza kwa upole jinsi mitego ilivyokaribia kukamilika, na kwamba watoto wengi, kama yule wa jirani yake, wangenufaika. Akamwomba afikirie hata kwa wiki moja. Kisha akamwita Pua, akitumaini atasaidia kumshawishi.

"Ameshasema," Pua akajibu. "Fomu inasema siku yoyote."

Daktari alimtazama kwa hasira, halafu akatoa kalamu.

Walikwenda wawili hadi kwenye tanuru nyuma ya jengo. Pua aliita tarehe, fundi cherehani akaitikia, na vifuko vikaingia kimoja kimoja mpaka cha sitini na moja. Nailoni iliungua kwa moshi mweusi wenye harufu kali, na wote wawili wakasogea upande upepo ulikotoka.

"Naomba unisamehe," Pua akasema. Alikuwa amelitafuta neno jingine kwa wiki mbili na hakulipata.

Fundi cherehani aliuangalia moshi.

"Sijafika huko," akasema. "Sijui hata kama njia ni hiyo. Mtoto yuko hai kwa sababu yako, hilo nalijua, nikiamka naanza nalo. Halafu nakutana na mtu njiani ananipisha kwa hatua moja, nakukumbuka tena wewe."

"Ndiyo."

"Mwisho wa mwezi tunahama. Mume wangu amepata chumba upande mwingine." Alirekebisha bandeji kwa kidole chake kilichopinda. "Huko hawanijui. Nataka wanijue kwa kushona."

Alitia saini mahali pa mwisho palipobaki, akamrudishia Pua kalamu, akaondoka kwa njia ya uani. Pua alibaki mpaka moto ukazima, kwa sababu utaratibu ulitaka hivyo, kisha akaandika saa kwenye kitabu na kurudi kwenye mabeseni yake.